Siku Ambayo Wote Wanaweza

Hadado,
12 Juni 2025

Kowsar, binti wa dada yangu,

Asalaam aleikum. Barua hii ikufikie ukiwa na afya, wewe na mama yako Nasteha, na joto la Garissa liwahurumie kidogo. Sisi huku Idd tumeila vizuri. Tulichinja beberu mmoja, nyama ikawafikia majirani wote, hata wale tuliokuwa hatusalimiani nao. Mke wangu Arbia anauliza kama mafuta ya simsim yalifika au dereva wa basi aliyapaka kichwani.

Najua wenzako watakucheka kwa kupokea bahasha zama hizi. Waache wacheke. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita miaka ishirini na sita, na likizo zako zote ulikuwa mwanafunzi wangu. Mtu niliyemfundisha kuandika sitaki anitumie maneno matatu kwenye simu.

Mvua ya masika imekuwa haba. Mabwawa hayatafika Septemba, na kisima cha pampu ni kile kimoja. Kamati yake bado ni ya watu tisa. Kerrow ni mwenyekiti, mimi ni katibu. Tunatakiwa kupanga zamu za kunywesha mifugo kabla watu hawajaanza kusukumana kwenye birika kama mwaka juzi. Lakini tangu Januari hatujakaa hata mara moja. Huyu yuko sokoni Wajir, yule amefuata ngamia, mwingine ana harusi. Siku haipatikani. Nimechoka kuulizwa, “Katibu, kikao lini?” Ndiyo habari yetu, hakuna kubwa.

Soma sana.

Abti yako, ndugu wa mama yako,
Korane


Garissa,
29 Juni 2025

Abti mpendwa,

Waaleikum salaam. Mafuta yalifika, chupa imejaa mpaka shingoni, mwambie Arbia dereva ana upara. Goti la mama limetulia, siku hizi anakwenda msikitini bila fimbo. Mimi mchana bado niko kwenye duka la kuchapa na kutengeneza simu pale soko la Suuq Mugdi, jioni chuoni kwa masomo ya kompyuta.

Abti, niliposoma habari ya kamati niliruka kitini. Mwalimu wetu anataka kila mwanafunzi atengeneze programu moja ndogo itakayowasaidia watu wa kweli. Tutazionyesha mbele ya wageni mwezi wa tisa. Wenzangu wanatengeneza za kuuza nguo. Mimi nitatengeneza ya kutafuta siku ya kikao chenu.

Ni jambo jepesi. Nimelichora kwenye karatasi ya kufungia sukari: mistari tisa ya watu, safu saba za siku. Kila Ijumaa baada ya Alasiri, kompyuta kuukuu ya dukani, iliyounganishwa na simu, itawatumia watu wote tisa meseji: wiki ijayo huwezi siku gani? Jumamosi ni 1, Jumapili 2, hivyo hivyo mpaka Ijumaa ambayo ni 7. Asiyeweza Jumapili na Jumatano atajibu 25. Anayeweza zote atajibu 0. Kompyuta itafuta siku zilizokataliwa, itatazama siku iliyobaki safi, kisha itawaambia wote. Hakuna haja ya simu ya bei, hata ile yako ya tochi inatosha. Hakuna haja ya mtu kuzunguka nyumba kwa nyumba akiuliza.

Nitumie namba za wanakamati, na uniambie nitakosea wapi. Wewe unawajua watu, mimi najua mashine tu.

Jambo moja. Mama amekupigia mara nne tangu Idd. Simu inaita mpaka inakata. Kuna nini?

Mpwa wako,
Kowsar


Hadado,
20 Julai 2025

Kwako Kowsar,

Salamu nyingi. Barua yako ililala siku tisa kwenye kabati la ofisi ya mabasi Wajir, kwa hiyo usidhani nilikuwa nimenuna. Huku ni upepo na vumbi. Ngamia mmoja amezaa, jike, mweupe kama maziwa yake.

Nimekuandikia namba kwenye karatasi ya pili. Sikufichi, sina hakika kama jambo hili litafaa. Watu wameishi bila mashine kuwapangia siku. Lakini umeomba kukosolewa, nami ni mwalimu, kwa hiyo nakukosoa.

Kwanza, si kila mtu anasoma. Tuye, mjane anayelisha ng'ombe upande wa magharibi, hajui herufi. Binti yake Rukiyo ndiye atakayemsomea. Tena Tuye yuko mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Ukimwambia leo kwamba kikao ni kesho, umemwambia asije.

Pili, usiandike saa. Andika “baada ya Adhuhuri.” Saa ya Kerrow ilisimama zamani na bado anaivaa.

Tatu, simu nyingi huku hupata chaji siku ya soko tu. Asiyejibu utamhesabu vipi? Wengine watakwambia asiyejibu amekubali. Mimi nasema kimya cha mtu si ndiyo wala si hapana. Mngoje. Mtumie tena, kisha umtume jirani.

Na lugha iwe Kiswahili chepesi. Tuye anazungumza Kiborana, wengi wetu Kisomali, kwa hiyo kikaoni tunakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha. Nimeacha.

Kuhusu simu, spika imekufa. Mwambie mama yako aniandikie.

Abti yako,
Korane


Garissa,
6 Agosti 2025

Abti,

Asalaam aleikum. Hongera kwa ndama. Mama amesema hawezi kuandika barua, mkono wake umezoea mwiko, kwa hiyo anakusalimu kupitia kwangu. Anasema pia spika ya simu ni kitu kidogo, uilete basini nitaitengeneza kwa dakika kumi. Ni kweli, abti. Ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kila ulichokosoa nimekitengeneza. Sasa kompyuta haichagui siku iliyo karibu kuliko siku nne, kwa hiyo kila Ijumaa inauliza wiki inayofuata ile ijayo. Asiyejibu inamtumia tena Jumapili, na asipojibu bado inamtumia jirani yake: “Tafadhali muulize fulani.” Siku ya majaribio, kabla majibu yenu hayajaanza kuja, ilinitia aibu: ilichagua Ijumaa baada ya Adhuhuri, wakati watu wote wako msikitini! Kerrow alijibu meseji moja tu, “Nani huyu kafiri?” Nimeifunga Ijumaa yote mchana.

Nikueleze na sheria niliyoiwekea. Wote wakipata siku moja, ndiyo hiyo. Wiki mbili zikipita bila siku ya wote, inachukua siku yenye wengi, ili mtu mmoja asiwafunge wenzake wanane.

Na wiki mbili zimepita. Majibu yote yanakuja kwenye kompyuta, nayaona. Wanane hujibu kama watu, mara 3, mara 14. Tuye amejibu 0 mara zote mbili, ingawa yuko mbali kuliko wote. Lakini kuna mmoja amejibu 1234567. Wiki ya kwanza, na wiki ya pili. Sitaandika jina lake hapa. Wewe ndiye katibu, unawajua watu wako.

Abti, kama mtu huyo ana jambo, programu haiwezi kumuuliza. Mimi naweza. Na akiniambia, sitacheka.

Kikao kitakuwa Jumapili, tarehe kumi na saba.

Kowsar


Hadado,
24 Agosti 2025

Kowsar,

Salamu. Sote wazima.

Kikao kilifanyika Jumapili, darasani, baada ya Adhuhuri. Watu wote tisa walikuja. Zamu zimepangwa, zitaanza Jumatatu ya pili ya Septemba. Nimeandika kumbukumbu, na karatasi ya zamu nimeibandika kwenye mlango wa chumba cha pampu. Abdihafid, mwendesha pampu, anaifuata.

Kwa hiyo programu yako imefaulu, hongera. Lakini sikupenda ulivyoniandikia. Uliniambia ni chombo cha kutafuta siku, hukuniambia ni dirisha la kuchungulia nyumba za watu. Mtu akisema hawezi, hawezi. Usiulize zaidi.

Simu yangu haihitaji kutengenezwa.

Korane


Garissa,
2 Septemba 2025

Abti,

Nisamehe. Umesema kweli kuhusu dirisha. Nimebadilisha: sasa kompyuta inaonyesha siku tu, majina haionyeshi, hata kwangu. Mama anakusalimu.

Kowsar


Garissa,
28 Septemba 2025

Abti mpendwa,

Hujajibu barua yangu ya mwanzo wa mwezi, au barabara imeila. Naandika tena.

Maonyesho yalifanyika chuoni. Nilisimama mbele ya wageni nikiwa na simu ya tochi mkononi, wakapiga makofi. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa kiti cha nyuma aliuliza, “Na mkutano ukishakwisha, kila mtu anajuaje kilichoamuliwa?” Nikamjibu kwamba hiyo si kazi ya programu hii, hii ni ya kutafuta siku. Alitikisa kichwa akaandika kitu. Nilipewa alama nzuri.

Jana dereva wa basi aliniambia kumetokea vurugu kisimani Hadado, mtu ameshonwa kichwa. Hakujua zaidi. Rukiyo sasa hapokei simu zangu. Mama hali vizuri tangu asikie. Tuandikie, hata mstari mmoja.

Kowsar


Hadado,
19 Oktoba 2025

Kowsar, mwanangu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Nisalimie mama yako, mwambie ale. Mimi na Arbia ni wazima wa mwili. Barua zako zote mbili zilifika. Nimeanza kukujibu mara tano nikachana.

Spika ya simu yangu haikufa. Ni masikio yangu yanayokufa.

Lilianza la kushoto, mwaka wa tatu sasa. Sauti za watoto zilikwenda kwanza, kisha za wanawake, kisha adhana ikitoka mbali. Mwanamume mwenye sauti nzito akiniketia mbele bado namfuata, nusu kwa sikio, nusu kwa kutazama midomo. Wakizungumza watu wawili kwa pamoja, nasikia kama genereta. Arbia anajua, na alinyamaza kwa sababu nilimwomba. Nilikuwa mwalimu, Kowsar. Maisha yangu yote niliwaambia watoto, “Sikiliza!” Nikaona haya.

Kwa hiyo siku zilikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa sizitaki. Nilikuwa nikimwambia Kerrow kwamba fulani hapatikani, na fulani nikimwambia Kerrow hapatikani. Ulipoleta mashine yako sikuwa na pa kujificha, ndipo nikajibu 1234567. Nawe uliniona siku ya kwanza, nadhani.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Kikaoni nilikaa mbele, nikaandika. Wanaume niliwamudu. Ilipofika zamu ya Tuye, alisimama kule mlangoni akasema siku anayoitaka, Kerrow akaitikia kwa kichwa, wote wakaitikia. Niliona mdomo wake ukisema “Juma”, kisha “ta”, kisha ukafunga duara. Nikaandika Jumatano. Siku ile alikuwa amesema Jumatatu. Simama mbele ya kioo uyatamke maneno hayo mawili bila sauti, utaona. Tofauti yake iko ndani, kwenye ulimi, ambako jicho halifiki. Ningeuliza, “Umesema siku gani, Tuye?” Neno moja tu. Zamani nilikuwa nikisoma kumbukumbu zote kwa sauti kabla ya watu kutawanyika. Siku ile watu walikuwa na haraka, nami nilishukuru kwamba wana haraka.

Jumatatu tarehe nane Septemba, Tuye alifika na ng'ombe zake na mbuzi, siku mbili njiani bila maji. Ngamia wa watu wa Kerrow walikuwa wamejaa birikani. Abdihafid amenisimulia maneno yao.

“Mama, leo si siku yako. Karatasi inasema Jumatano.”

“Nilikuwa kikaoni na masikio yangu. Nilisema Jumatatu.”

“Mimi nafuata karatasi tu. Karatasi ni ya katibu.”

Wakaniita. Nilifika, watu wamezunguka, kila mtu anasema, mimi sisikii hata mmoja. Tuye akanijia mpaka mbele ya uso wangu. Akasema polepole, “Mwalimu, tazama mbuzi hawa. Nilisema siku gani?”

Hapo nilimwelewa vizuri. Na hapo hapo nilijua, Kowsar. Lakini watu hamsini walikuwa wananitazama, karatasi iko mlangoni kwa mwandiko wangu. Nikasema, “Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Labda umesahau.”

Nilimwambia mwanamke mzima, mbele ya watu, kwamba amesahau maneno ya kinywa chake.

Mkwe wake Mamo hakuvumilia. Alisukuma ng'ombe wawili kwenye birika, fimbo zikapanda. Alipasuliwa juu ya jicho, akashonwa nyuzi saba. Jicho limepona, namshukuru Mungu. Walirudishwa kando. Walipewa maji ya kunywa wao, mifugo haikupewa. Jumatatu, Jumanne. Jumatano asubuhi zamu “yake” ilipofika, ng'ombe watatu walikuwa wamelala hawainuki, na mbuzi kumi na mmoja. Tuye alinywesha waliobaki, akaondoka bila kumtazama mtu yeyote.

Baada ya siku chache wanakamati wawili walisema, “Hata sisi tulidhani ni Jumatatu.” Kisha wakasema, “Lakini mwalimu ameandika.” Ndivyo wanavyoniamini.

Sijamwambia mtu isipokuwa Arbia na wewe. Naandika hili kwa sababu kwenye karatasi sauti ni yangu mwenyewe, siombi mtu arudie. Niambie unaonaje. Usinionee huruma.

Korane


Garissa,
27 Oktoba 2025

Abti wangu,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nilimsomea mama barua yako. Alilia, kisha akacheka kidogo, akasema, “Mara nne nimempigia simu kiziwi.” Usikasirike. Ndivyo anavyopumua.

Umesema nisikuonee huruma, basi sikuonei. Kutosikia si kosa lako. Kumwambia Tuye amesahau ni kosa lako. Hayo mawili usiyachanganye, kwa sababu ukiyachanganya utaomba radhi kwa masikio, na masikio hayakumkosea.

Sasa nami niseme langu. Namba yako niliitambua wiki ya kwanza. Nilihisi tangu simu za Idd, na ulipoandika kwamba umeacha kuwasahihisha watu nikawa na hakika. Ningeweza kupanda basi. Ni siku moja na nusu. Badala yake nilikuandikia fumbo la “mtu mmoja”, kwa sababu maonyesho yalikuwa karibu na nilitaka kikao kimoja kifanyike ili niwe na cha kuonyesha. Ile sheria ya “siku yenye wengi” niliiweka nikijua itamsukuma nani. Nilijiambia nawasaidia watu wanane.

Na yule mama wa makamo aliyeniuliza kuhusu baada ya mkutano, swali lake linaniamsha. Lilikuwa jambo la jioni mbili. Nimelifanya sasa. Kikao kikiisha, katibu anatuma maamuzi kwenye namba ya dukani, nayo inawatumia wote: “Tuye, Jumatatu. Kerrow, Jumanne. Ni kweli? Jibu 1 ndiyo, 2 hapana.” Hakuna zamu inayoanza mpaka majibu yote tisa yafike. Kama lingekuwapo Agosti, Rukiyo angejibu 2, na ng'ombe wale wangekuwa hai. Sisemi hili kukufariji, ni kwa sababu ni kweli.

Unauliza naonaje. Itisha kikao. Nimeiwasha tena programu, Ijumaa hii itatuma meseji. Sasa siwezi tena kuona nani amejibu nini, uliniambia nifunge dirisha na nimelifunga. Kwa hiyo jibu utakalotuma ni lako na Mungu wako.

Mama amesema tukutafutie daktari wa masikio hapa mjini. Hilo litafuata, ukitaka.

Mpwa wako anayekupenda,
Kowsar


Hadado,
23 Novemba 2025

Kowsar,

Asalaam aleikum. Mvua ilinyesha siku mbili, si haba si nyingi, vumbi limelala. Arbia ameshona mkeka kwa ajili ya mama yako, utakuja na basi la wiki hii.

Ijumaa ile nilikaa na simu mkononi mpaka Magharibi. Nikatuma 0.

Haikupatikana siku ya wote wiki ya kwanza. Ya pili ilipatikana, Jumamosi tarehe kumi na tano. Siku nne nilizongoja zilikuwa ndefu. Nilitamani mtu mmoja aumwe tumbo, nisikufiche.

Nilidhani Tuye hatakuja. Alikuja, na Rukiyo, na Mamo mwenye kovu lake. Walikaa mlangoni. Kerrow akafungua kwa dua, akaniashiria nisome kumbukumbu za kikao kilichopita. Nilisimama. Nikaacha kiti changu cha mbele nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama pale alipokuwa amesimama yeye siku ile.

Nilisema, “Mimi sisikii. Mwaka wa tatu sasa. Tuye alisema Jumatatu, mimi nikaandika Jumatano. Na kisimani, aliponiuliza, nilikuwa nimeshajua. Nikamwambia amesahau. Hakusahau. Nilisema uongo ili nisionekane kiziwi.”

Sijui kama kulikuwa na kelele. Niliona midomo ikitembea nyuso zote, nikatazama chini. Kisha Tuye akanigusa mkono ili nimtazame. Alisema kwa Kiswahili, kipande kipande, nami nilikipata chote:

“Nilijua husikii. Watu wengi walijua. Mimi nilisema polepole kwa sababu yako. Ng'ombe, Mungu alitoa, Mungu amechukua. Lakini uliniita mtu asiye na akili mbele ya mkwe wangu.”

“Ndiyo,” nikasema.

“Hilo umelirudisha leo?”

“Nimelirudisha mbele ya hawa hawa.”

Alikaa kimya kidogo. Nilikumbuka nilichokufundisha mwenyewe, kwamba kimya si ndiyo wala si hapana, nikangoja. Mwishowe akasema, “Mamo naye muulize. Kichwa ni chake.” Nikamgeukia Mamo. Yule kijana hakunipa mkono. Alisema atafikiri. Sikumlaumu, na mpaka leo anafikiri.

Nilitoa ngamia wangu watatu, yule jike aliyezaa na ndama wake wakiwamo. Kerrow naye, bila kuombwa, akasema watu wake walikuwa na maji ya kutosha Jumatatu ile na wangeweza kusogea, akatoa mbuzi wanane. Tuye alipokea. Hakushukuru, na haikupasa ashukuru.

Kisha nikaweka daftari na kalamu mezani, nikasema tafuteni katibu mwingine. Wakazungumza kwa muda, mimi nikiwatazama kama samaki. Wakampa kalamu Rukiyo, maana ndiye anayesoma lugha zote tatu. Nilikuwa nimeshika kofia yangu niondoke. Rukiyo akavuta kiti karibu na chake, akaandika juu ya ukurasa mpya kwa herufi kubwa: MWALIMU, KAA HAPA. MAMA AMESEMA.

Nikakaa. Kila mtu aliposema, Rukiyo aliandika, nami nilisoma mstari kabla wino haujakauka. Hajui kuweka koma, lakini hakosi neno. Kowsar, miaka miwili sijahudhuria kikao, ingawa nilikuwa nimekaa ndani yake. Jumamosi ile nilijua nani amesema nini. Nilijua kwamba Kerrow hurudia kila jambo mara tatu. Nilitoa shauri moja kuhusu siku za genereta kupumzishwa, likapita. Jioni meseji yako iliwafikia watu wote, “Ni kweli?”, na majibu tisa yalikuja kabla ya Isha. Zamu zimeanza. Jumatatu ni ya Tuye.

Kuhusu daktari, nitakuja baada ya mwezi. Uje unipokee kituoni, usinipigie.

Kabla hatujatawanyika, Kerrow alisema jambo, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nikiwatazama tu, nikingoja mkono wa Rukiyo ufike mwisho wa mstari. Nikasoma. Ilikuwa kuhusu saa yake. Nikacheka, peke yangu, kila mtu ameshamaliza, na Kerrow alikuwa tayari amenyanyua mikono kwa dua ya kufunga. Nikaona Tuye amemwinulia kiganja. Nilitazama ukurasa nijue amesema nini. Rukiyo alikuwa ameandika:

“Mngojeni mwalimu amalize kucheka.”

Wakaningoja.

Abti yako,
Korane